Nusu Jino Katika Kikombe cha Maziwa

Harufu ya karafuu huwapeleka watu wengi jikoni, kwenye sufuria ya pilau. Mimi hunipeleka kwenye kiti cha daktari wa meno, miguu yangu imening'inia haifiki chini, na mkono wa Bibi umenishika kifundo cha mguu, maana hapo tu ndipo alipoweza kufika. Juzi binti yangu aliamka na jino linamuuma, nikampeleka kutazamwa. Mlango wa chumba cha daktari ulipofunguliwa harufu ile ikatoka, na mimi, mtu mzima mwenye nyumba yangu na watoto wangu, nikajikuta nimeufunika mdomo kwa kiganja. Binti yangu akaniuliza kama mgonjwa ni yeye au ni mimi.

Wa rika langu mliolelewa Mji wa Kale mnazijua nyumba za namna ya kwetu. Kuta nene za mawe, vyumba virefu vyenye kiza hata adhuhuri, na ngazi iliyosimama wima kana kwamba aliyeijenga hakufikiria kuwa watoto nao wana miguu. Tulikaa watu wanne: Mama, mimi, Bibi na Babu, ambao walikuwa wazazi wa Mama. Kisha Babu akafariki, tukabaki watatu.

Siku ya mazishi walinipeleka nimuage. Mama akaniinua, nikambusu Babu kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi, lakini kilichonishtua si baridi. Babu nilimjua; ukimgusa alikuwa lazima afanye kitu, akunje uso, acheke, akufukuze kama inzi. Siku ile nilimgusa na ngozi yake haikunijibu. Nikaondoka pale nikijua kufa ni nini: ni kuguswa usisikie.

Baada ya hapo Bibi akaingia edani. Miezi minne na ushei hatoki nje, hajipambi, hajitii manukato. Niliambiwa hivyo tu, "Bibi yako yuko edani, hatoki," na hakuna aliyekaa kitako kunieleza kwa nini. Kwa hiyo nilijitafutia sababu mwenyewe. Nikafahamu kwamba mauti yalikuwa yamekuja nyumbani kwetu, yamemchukua Babu, na bado yanazunguka vichochoroni yakimtafuta mwenziwe, yule mtu aliyetembea na Babu siku zote. Bibi alikuwa amejificha. Ikiisha miezi hiyo mauti yatachoka kungoja, yatakwenda mji mwingine, naye atatoka salama. Sikuona kitu cha ajabu katika maelezo hayo. Wakubwa wote walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini na kufunga mlango upesi, kama watu walioficha mtu.

Nikajipa kazi ya kulinda mlango. Mtu akibisha hodi, mimi ndiye wa kwanza kufika chini. Na mchana, saa za joto ambapo nyumba nzima hulala, nilipanda kitanda cha Bibi nikalala upande wa Babu, nisiache pahala patupu pa mtu kuingia. Bibi alinikumbatia. Hakuwa amelia mbele yetu hata mara moja. Alikaa karibu na dirisha la juu na redio yake ndogo, akisikiliza taarifa, mawaidha, na yule daktari wa asubuhi aliyekuwa akijibu maswali ya watu wenye kisukari na uvimbe wa miguu. Redio ile ndiyo iliyokuwa ikimletea dunia ndani.

Ilikuwa Ijumaa, wakati wa likizo. Mama alikuwa ameshakwenda kazini Biashara Street, kwenye duka alimokuwa akiuza leso za kujifunga. Bibi alikuwa juu akichambua mchele. Mimi nilikuwa nimevuta makubadhi ya Babu kutoka uvunguni, nimeyavaa, natembea katika ukumbi wa juu kwa mwendo wake, mkono nyuma, tumbo mbele, nikikohoa kikohozi chake. Miguu yangu ilipotea ndani ya ile ngozi. Ndipo nikasikia hodi.

Ilikuwa hodi nzito, mara moja tu. Nikaikimbilia ngazi na makubadhi miguuni.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka ukingo wa daraja moja la ngazi ya mawe ukija usoni, na sauti ndani ya kichwa changu kama mtu amevunja kijiti kikavu. Nilikuwa nimelala kifudifudi katikati ya ngazi. Mdomo ulijaa kitu cha moto chenye ladha ya misumari. Nikapitisha ulimi kwenye jino la mbele, lile kubwa lililokuwa limeota hata halijazoea, ulimi ukakutana na makali. Nikavuta pumzi, na upepo ulipogusa pale nilisikia maumivu ambayo sikujua mwili unaweza kuyatoa, kama sindano iliyopita puani ikatokea utosini.

Aliyebisha hodi sijui alikuwa nani hadi leo. Hakubisha tena. Hakungoja.

"Mishi!" Bibi alikuwa akishuka, kiganja chake kikikwaruza ukuta. "Mishi, usimeze! Wanisikia? Usimeze kitu. Tema hapa."

Akakinga pindo la leso yake, nikatema damu. Akaipekua ile damu kwa vidole, akaangalia mdomo wangu, akaangalia tena leso.

"Kipande kiko wapi?"

Nikaonyesha ngazi.

Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. Hata uzi kwenye sindano nilikuwa namtungia mimi. Akapiga magoti. Akaanza daraja la juu yangu, akipapasa jiwe kwa viganja viwili, polepole, kutoka ukuta hadi ukuta, akihema. Kisha daraja la pili. Kila kijiwe alichokiokota alikisugua kwa dole gumba, akakitupa. Nami nimekaa, leso mdomoni, natazama mgongo wake. Kubadhi moja lilikuwa limebaki mguuni mwangu, la pili limeruka hadi mlangoni, limegeuka chini juu. Nikayaelewa yote. Mauti yalibisha hodi, yakanikuta nimevaa viatu vya mtu wao.

"Alhamdulillahi," akasema Bibi.

Alikuwa ameshika kitu kidogo cheupe, hakizidi punje ya mchele. Kilikuwa kwenye ufa, pale daraja linapokutana na ukuta. Hakukifuta wala hakukikwangua. Akapanda nacho juu, akarudi ameshika kikombe cha maziwa ya asubuhi, kipande kimezama ndani.

"Daktari wa redio alisema," akaniambia, kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. "Kipande kisikauke. Kitiwe maziwani, mtoto apelekwe upesi."

Akampigia Mama simu. Tukasikia simu ya Mama ikilia chumbani, juu ya kabati, ilipoachwa ichajiwe. Ililia hadi ikakatika. Bibi akabaki amesimama katikati ya ukumbi, simu yake sikioni, macho yake mlangoni. Kila nilipovuta pumzi nilipiga kelele, na kila nilipopiga kelele nilivuta pumzi nyingine.

Akavua leso yenye damu, akavaa buibui lake. Sikuwa nimeliona tangu siku ya mazishi.

"Bibi, usitoke," nikasema. Maneno yalitoka yamelowa. "Bibi, usitoke nje."

Akadhani naogopa kuachwa. "Naenda nawe. Sikuachi."

"Usitoke! Upo edani!"

Akanitazama. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo la mlango, na niliona ulivyosita. Hakuwa mtu wa kucheza na mambo ya dini. Nikadhani nimeshinda. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Mola waona mwenyewe," na akalivuta komeo.

Jua la kichochoroni lilitupiga usoni. Bibi akafumba macho, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau upande wa kwenda. Hatujafika pembeni, dirisha la nyumba ya jirani likafunguka, akachungulia Bi Rukia, mwanamke wa umri wa Bibi, rafiki yake tangu ujana wao.

"Wenda wapi? Na eda yako hiyo!"

"Mtoto kaumia, Rukia."

"Mpe mtu amchukue! Ngoja nitafute mtu!"

"Hakuna wakati wa kungoja mtu."

Tulipata tuktuk mbele ya msikiti. Bibi akanipakia, kikombe amekifunika kwa kiganja. Lakini ilikuwa saa ya watu kwenda sala ya Ijumaa. Kanzu zilijaa njia kutoka ukuta hadi ukuta, na dereva akawa anasogea kidogo, anapiga honi, anasimama. Maziwa yakamwagika mapajani mwa Bibi. Akainua kiganja akachungulia ndani ya kikombe, akakifunika tena.

"Kuna njia nyingine?" akamuuliza dereva.

"Zote zi hivi, mama. Tusubiri wapite."

Bibi akateremka. Akanishika mkono, akaingia katikati ya wanaume wale, mjane wa edani na buibui lililolowa maziwa, akipaza sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia: "Nipisheni! Nipisheni, nina mgonjwa!" Nao wakatupisha. Mzee mmoja aliyemjua akafungua kinywa amwambie kitu, akaniona damu kifuani, akakifunga. Mimi sikuwa nikitazama nyuso zao. Nilikuwa nikigeuka nyuma kila hatua, kuona kama kuna kitu kinatufuata. Bibi yangu alikuwa nje, mchana kweupe, kila mtu anamwona.

Daktari wa meno alikuwa ng'ambo ya Barabara ya Digo, juu ya duka la vyombo. Alikuwa mwanamke wa bara, bado kijana, mwenye Kiswahili cha taratibu na mkufu mwembamba wa msalaba. Tulimkuta amesimama nje ya mlango wake, ufunguo umo kwenye kitasa, anafunga.

"Nafungua tena saa tisa, mama," akasema.

Bibi akakinyanyua kikombe akakifunua. Daktari akatazama ndani. Yalikuwa yamebaki maziwa ya kufunika kipande tu. Akanitazama mimi, akaugeuza ufunguo upande wa pili.

Ndani kulikuwa na ile harufu. Karafuu, na dawa, na kitu cha usafi mkali. Nyumba yetu ilikuwa imenukia usafi kama ule siku waliyomwosha Babu. Nilipandishwa kwenye kiti, kikalazwa, taa ikashushwa usoni. Bibi akaambiwa asimame mbali kidogo, akanishika mguu.

"Nitakuchoma sindano ya ganzi," akasema daktari. "Utasikia kama mbu, kisha hutasikia kitu tena."

Hutasikia kitu tena. Nilitaka kuruka lakini Bibi alikuwa amenishika. Sindano ikaingia. Haukupita muda, mdomo wangu wa juu ukaanza kuondoka. Kwanza katikati, halafu upande, halafu pua. Daktari akanigonga kwa kidole. "Unasikia hapa? Na hapa?" Sikusikia. Nikainua mkono wangu mwenyewe nikaugusa mdomo, na mdomo haukunijibu.

Nilinyamaza kabisa. Daktari akanisifu kwa ushujaa.

Alifanya kazi kwa muda, akinyunyiza maji, akikausha, akiwasha kijitaa cha samawati. Kisha akazungumza na Bibi juu ya kichwa changu, kama wakubwa wanavyofanya.

"Mmefanya vizuri kuja na kipande. Nimekirudisha mahali pake, kimeshika. Lakini jino lilivunjika likafika kwenye mshipa. Nimeuziba, ila siwezi kukuahidi. Linaweza kuishi, linaweza pia kufa."

"Litakufa?" akauliza Bibi.

"Likifa litabadilika rangi. Litakuwa la kijivu. Inaweza kuchukua wiki, inaweza kuchukua miezi. Mlitazame."

Bibi akasema, "Basi tumwachie Mungu." Na mkono wake ukakaza kwenye mguu wangu.

Hayo ndiyo niliyorudi nayo nyumbani: mauti yameingia, yako kinywani, na yatachukua wiki au miezi.

Jioni ganzi ikaisha na mdomo ukarudi. Sikudanganyika, niliona yamejificha tu. Mama alikuwa ameshafika, amesikia habari njiani, analia na kunibusu na kujilaumu kwa sababu ya simu. Bi Rukia naye akaja. Walidhani nimelala.

"Nimesema kwa sababu nampenda," Bi Rukia alikuwa akimwambia Mama. "Mwanamke wa edani hatoki vile, katikati ya wanaume. Kukitokea jambo katika nyumba hii, msiseme hamkuambiwa."

"Mtoto alikuwa anatoka damu, Bi Rukia. Ulitaka afanyeje?"

"Mimi nimesema tu."

Siku iliyofuata Mama alikwenda kumuuliza maalimu, na maalimu akamwambia hapana neno, dharura ni dharura, Bibi aendelee na eda yake kwa amani. Hilo nilikuja kulijua nikiwa mkubwa. Wakati ule nilikuwa na maneno ya Bi Rukia peke yake. Jambo litatokea. Nami nilijua ni jambo gani, na liko katika jino gani.

Kwa hiyo nikaanza kulitazama kama nilivyoagizwa. Nililitazama kwenye kioo cha kabati, kwenye kijiko, kwenye kioo cha dirisha upande wa kivuli. Nililigusa kwa ukucha kuona kama bado linasikia. Sikulitafunia; niliviringisha chakula upande wa pili kama mzee. Vibanio vyangu vya nywele nilimgawia mtoto wa jirani, pamoja na mdoli wangu mwenye mkono mmoja, na Mama akanisifu kuwa nimekuwa mkarimu.

Na nikaacha kulala na Bibi. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Mchana ukifika, badala ya kupanda kitandani nilitandika mkeka chini, karibu na mlango, nikampa mgongo na kuupeleka mdomo wangu upande wa ukuta. Nilikuwa nimefikiri kwamba pumzi zetu zikichanganyika, yale yaliyo kinywani mwangu yatamjua. Nilikuwa nimemlinda muda wote ule, nisingemwambukiza mwenyewe.

Bibi hakuuliza siku ya kwanza. Ya pili akasema, "Njoo, chini kuna siafu." Nikasema sitaki. Siku nyingine akanyoosha mkono anipapase nywele, nikakwepa, na mkono ukabaki hewani. Baadaye nikamsikia akimwambia Mama jikoni, kwa sauti ya mtu aliyekuwa akifikiria jambo kwa muda mrefu: "Mtoto ananikimbia. Labda nanuka uzee. Labda ananichukia kwa kuwa nilichelewa kumfikisha kwa daktari na yale maumivu." Mama akasema si hivyo. "Ni hivyo," akasema Bibi. "Kitanda kimekuwa kikubwa mno."

Nilisimama nyuma ya pazia nikajibana mdomo kwa mikono miwili. Ningelia ningesema; ningesema wangejua; wakijua, Bibi angenikumbatia. Nikarudi kwenye mkeka wangu.

Mama alinirudisha kwa daktari mara moja, akaligonga, akasema bado tungoje. Maisha yakaendelea, likizo ikaisha, nikarudi shuleni na kukaa darasani mdomo umefungwa. Halafu asubuhi moja ya Jumamosi nikafungua mdomo mbele ya kioo na jino halikuwa jeupe. Halikuwa jeusi pia. Lilikuwa kama maji yaliyooshewa chungu. Nikalisugua kwa pembe ya gauni, nikalisugua kwa chumvi. Lilibaki vilevile.

Nilioga. Nikavaa gauni langu la Idi. Nikapanda hadi chumba cha Bibi, nikasimama mlangoni, si ndani.

Alikuwa dirishani na redio yake. "Mashallah," akasema. "Wenda wapi umependeza hivyo?"

"Bibi, mtu akifa huanza wapi?"

Akaizima redio.

"Wauliza nini, Mishi?"

"Huanza mdomoni halafu hushuka? Au hupanda kichwani kwanza?"

"Nani kakwambia mambo hayo?"

"Daktari. Alikwambia wewe. Alisema litakufa." Nikafungua mdomo nikamwonyesha. "Limekufa. Usinisogelee, Bibi. Ulitoka nje kwa sababu yangu, yakakuona. Yakabisha hodi nikayakimbilia, nilikuwa nimevaa makubadhi ya Babu. Sasa yako humu. Mimi ndiye wa kwenda sasa, usije karibu."

Nilisema kwa mfululizo, nimeshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nilimwona Bibi akinisikiliza, uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nilitarajia acheke. Wakubwa hucheka. Hakucheka. Akainuka, akaja moja kwa moja hadi mlangoni, nami nikarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta. Akakaa chini sakafuni mbele yangu, magoti yakialika.

"Tazama," akasema. Akaingiza kidole mdomoni, akalivuta shavu lake upande. "Tazama ndani huko. Waona lile jeusi?"

Nikachungulia. Nyuma ya meno yake ya upande kulikuwa na jino jeusi kama komamanga lililokauka.

"Gusa."

"Sitaki."

"Gusa, nimesema."

Nikaligusa. Lilikuwa gumu, na joto la mdomo wake.

"Hilo limekufa kabla mamako hajazaliwa," akasema. "Nilikuwa mke mpya, nikauma kokwa la bungo, likapasuka, likauma wiki nzima, kisha likafa. Nimekaa nalo. Nimezaa nalo, nimelea nalo, nimepigana na babu yako nalo, tukapatana nalo. Nimemzika nalo. Jino hufa peke yake, Mishi. Halimchukui mtu."

"Na hodi?"

"Hodi ni mtu aliyekosea nyumba. Mauti, mwanangu, hayana adabu ya kubisha."

"Na wewe kutoka?"

Hapo akatazama dirisha lake, redio yake, kitanda. "Mimi sikujificha humu," akasema. "Nimekaa humu kwa ajili yake. Ndivyo mke anavyomuaga mumewe. Hakuna anayenitafuta huko nje." Sauti yake ikapinda. "Hakuna anayenitafuta tena."

Na akalia. Alilia pale chini, mbele yangu, mdomo wazi kama mtoto, bila leso ya kujifutia, akinivuta kwa gauni langu la Idi. Nami nikamwachia anivute. Mama aliyekuwa amepanda kuuliza nani analia akatukuta, akakaa chini naye, asiulize tena. Mchana huo nililala upande wa Babu, uso umeelekea uso wa Bibi, mdomo wangu wazi.

Eda ikaisha. Bibi akaogeshwa, akajitia udi, akavaa nguo safi, na safari yake ya kwanza aliitaka iwe ya jino langu. Tukatembea, hatukupanda tuktuk. Alisimama kila mlango kuamkiana na watu, hata kwa Bi Rukia, ambako walishikana mikono muda mrefu na hakuna aliyelitaja lile dirisha.

Daktari aliligonga jino kwa kijichuma, akaliwekea kitu cha baridi, akaniuliza kama nasikia. Nikatikisa kichwa. Akatutazama kwa huruma, akavuta kiti chake karibu, na kutoa sauti ile inayotolewa kwa wafiwa.

"Samahani sana," akasema. "Limekufa."

Bibi akanitazama. Nikamtazama Bibi. Nadhani ni yeye aliyeanza. Mabega yake yalitikisika kwanza, kisha mimi nikashindwa kujizuia, tukacheka hadi msaidizi wa daktari akachungulia mlangoni. Daktari masikini akabaki na kijichuma chake mkononi. Baadaye akanichoma ganzi, akalisafisha ndani, akaliziba, akasema likitunzwa litakaa miaka mingi, na safari hii mdomo ulipoondoka niliuacha uende, nikijua utarudi.

Kutoka hapo tukakata njia hadi Biashara Street. Mama alikuwa amesimama juu ya kistuli, anashusha leso kwa wateja. Alipomwona Bibi mlangoni, nje, katika mwanga, aliteremka na ile leso imemning'inia begani.

"Daktari asemaje?"

"Limekufa," nikasema, kwa mdomo wa nusu ganzi, kwa fahari.

Mama akajishika kifua. Bibi akavuta stuli iliyokuwa karibu, akakaa, akavua viatu.

"Limekufa," akasema, "na sisi wawili tuna njaa. Tutafutie chakula."